Majipu Sugu ya Kwapani na Kinenani: Altrasaundi Inaona Nini, na Hukumu ya Kupimwa

SWALI:
Kwetu ni Wete, Pemba, ila nimeolewa huku Iringo, Musoma. Binti yangu wa miaka 19 anatokwa na majipu kwapani na kinenani tangu yuko skuli. Yanapasuliwa, yanapona, yanarudi pale pale. Daktari ametaka apimwe altrasaundi sehemu zote mbili. Baba yake amekataa, anasema altrasaundi ni ya wajawazito na mtoto hajaolewa, watu watasemaje. Je, inajuzu? Na swala zake zikoje, maana nguo zinalowa usaha?

JIBU:
Sifa njema zote ni za Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu (s.a.w.), aali zake na Masahaba zake.

Dada yetu, tuujue kwanza ugonjwa. Uliyoyaeleza yanafanana na maradhi ambayo madaktari wanayaita haidradenaitisi sapurativa. Mfaransa Velpeau aliyaeleza tangu 1839, na kwa muda mrefu yakidhaniwa ni maradhi ya tezi za jasho. Sasa inajulikana yanaanzia kwenye shina la unywele: tundu linaziba, linavimba, kisha linapasukia ndani ya ngozi. Mara nyingi huanza baada ya kubaleghe. Hayaambukizi, hayaletwi na uchafu, wala si maradhi ya zinaa. Nalisema hili wazi kwa kuwa kinena kikitajwa tu, watu wanamdhania vibaya binti wa watu.

Sababu ya kurudi ni kwamba majipu yale huunganishwa na njia chini ya ngozi, mfano wa shimo la panya lenye milango miwili. Ukifungua mlango mmoja usaha unatoka, maumivu yanatulia, na shimo linabaki. Tangu 1989 madaktari wanatumia daraja tatu za Hurley: majipu bila ya njia wala makovu, kisha njia na makovu yaliyoachana, kisha eneo zima limeshikana. Lakini daraja hizo zinategemea jicho na mkono. Daktari Ximena Wortsman wa Chile alichapisha mwaka 2013 namna ya kuyapima kwa altrasaundi, na akaonesha kuwa chini ya ngozi huwa kuna njia na usaha ambao nje haujulikani. Kwa wengi katika wagonjwa wale, mpango wa matibabu ulibadilishwa.

Mwambie mzee kuwa mawimbi ni ya sauti yale yale, ila kichwa cha mashine si kile. Cha tumbo hutumia kiasi cha megahezi 2 hadi 5 ili kifike mbali. Cha ngozi ni megahezi 15 au zaidi. Hakifiki mbali, lakini kinaonesha mambo madogo. Basi ulizeni hospitali kabla ya kutoa nauli. Kisipokuwepo, kile cha kupimia matiti na shingo huweza kuonesha mikusanyiko ya usaha. Usaha na njia huonekana vyeusi, na rangi za Doppler huonesha damu inapokwenda kwa wingi, yaani pale uvimbe ungali hai. Hakuna mionzi wala sindano. Hata hivyo, kifua kikuu cha ngozi nacho hufanana na haya, kwa hiyo daktari akitaka kupima usaha au kipande cha ngozi, msikatae.

Kwa aliye Musoma, Bugando ya Mwanza ndiyo jirani. Moshi, pembeni ya KCMC, kipo kituo cha kufunzia madaktari wa ngozi tangu 1992. Walioko visiwani waanzie Mnazi Mmoja.

Ama hukumu: inajuzu kufunua uchi kwa ajili ya tiba, kwa kadiri ya haja tu. Atafutwe mpimaji mwanamke. Akikosekana, apime mwanamme mwaminifu, na mama au maharimu mwengine awepo chumbani. Masahaba wa kike, kama Rubayyi' bint Mu'awwidh (r.a.), walikuwa wakiwahudumia majeruhi wa vita. Maneno ya watu si udhuru wa kumwacha mtoto aoze makovu. Baba anaogopa kwa mapenzi, naelewa, nami nina mabinti; lakini hofu hiyo ndiyo inayomuumiza.

Kuhusu swala, katika madhehebu ya Imam Shafi'i usaha wa kidonda hautengui udhu. Ni najisi, lakini unaotoka wenyewe kwenye kidonda chake unasamehewa. Abadilishe nguo anapoweza, wala asiache swala. Jeli ya kipimo haitengui udhu, ila aioshe kwanza isije ikazuia maji. Kipimo hakifunguzi saumu. Maji yakimdhuru kidondani, aoshe palipo pazima na atayamamu kwa palipobaki.

Majibu yakitoka, muulizeni daktari njia ngapi zimeonekana na zinaishia wapi. Zipo dawa za kunywa kwa wiki kadhaa, na upo upasuaji wa kufungua au kuondoa njia yote. Asikubali tena kutumbuliwa kichwa cha jipu peke yake, ila kama ni kwa kutuliza maumivu makali.

Wallahu a'lam.