Jani la Usambara na Siri ya Kukua

Mwaka wa 1902 ulikuwa na mambo mawili ambayo yalionekana kuwa mbali kama mashariki na magharibi. Katika milima ya Usambara ya Mashariki, serikali ya Kijerumani ilianzisha Amani chuo cha uchunguzi wa mimea na kilimo, pamoja na bustani ya miti iliyoletwa kutoka nchi nyingi za joto. Huko Ulaya, katika mwaka huo huo, mtaalamu wa mimea Gottlieb Haberlandt alitangaza habari za jaribio lake la kukuza chembe hai za majani, moja moja, ndani ya vyombo vya kioo. Wataalamu wa Amani walitafuta faida ya mmea mzima. Haberlandt alitafuta siri iliyofichwa ndani ya chembe yake. Mambo yaliyofuata yaonyesha ni siri ipi iliyozaa mali kubwa zaidi.

Haberlandt aliamini kuwa kila chembe ya mmea ina uwezo wa kuwa mmea kamili. Chembe zake ziliishi majuma kadhaa, zikavimba, lakini hapana hata moja iliyogawanyika. Alizipa maji, chumvi na sukari. Kitu kilichopungua hakikuwa chakula. Kilikuwa amri ya kukua, nayo amri hiyo ilikuwa bado haijajulikana.

Ajabu ni kwamba ushahidi wa imani yake ulikuwa umekwisha kusafiri kutoka Usambara. Katika mwaka wa 1892, Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya wa Kijerumani, alikuta ua dogo la rangi ya urujuani likimea katika nyufa za mawe zenye kivuli na unyevu. Alimpelekea baba yake Ujerumani. Naye baba alimwonyesha Hermann Wendland, msimamizi wa bustani za Herrenhausen. Mwaka wa 1893 Wendland alilipa ua jina la kitaalamu, Saintpaulia ionantha. Hivyo mmea uliozaliwa Usambara ukabatizwa kwa jina la ukoo wa mgeni. Wajerumani walao hulitaja ua hilo kwa jina la Usambara hata leo; Waingereza huliita ua la Afrika tu, kana kwamba Afrika ni kijiji kimoja.

Ua hilo lilikuwa na tabia iliyowapendeza wafanya biashara. Jani lake moja, likichomekwa udongoni kwa kikonyo chake, hutoa mizizi, kisha huchipua miche midogo iliyofanana na mama yake. Palipo na jani moja pakawa na bustani. Kampuni ya mbegu ya Benary, ya mji wa Erfurt, ililieneza. Na katika miaka ya 1920 wakulima wa maua wa California walichagua aina mpya kutokana na mbegu zilizotoka Ujerumani na Uingereza. Mwaka wa 1946 wapenzi wa ua hilo wa Marekani waliunda chama chao.

Sababu ya jani kuwa mmea ilifumbuliwa polepole. Katika miaka ya 1920 na 1930 wataalamu walitambua auksini, homoni inayoamuru mimea kurefuka na kutoa mizizi. Mwaka wa 1955 Folke Skoog na Carlos Miller, pamoja na wenzao wa Wisconsin, walitangaza kinetini, kichocheo cha kugawanyika kwa chembe. Nao walikipata, si katika mmea, bali katika mbegu za kiume za samaki. Mwaka wa 1957 Skoog na Miller walieleza kanuni yenyewe. Auksini ikizidi, chembe hutoa mizizi. Kinetini ikizidi, hutoa machipukizi. Zikiwiana, chembe huongezeka bila umbo. Mwaka wa 1962 Toshio Murashige na Skoog walitangaza mchanganyiko wa chumvi na vichocheo unaotumika duniani hata sasa. Tangu miaka ya 1970 ua la Usambara nalo limekuzwa kwa njia hiyo: kipande kidogo cha jani, ndani ya chupa, huzaa miche mingi mno.

Elimu ya wanyama ilipita njia hiyo hiyo. Rita Levi-Montalcini na Stanley Cohen waligundua protini zinazoamuru chembe za mwili kukua, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1986. Kwanza protini hizo zilikamuliwa kwa taabu kutoka katika tezi za panya, na chembe zililishwa majimaji ya damu ya ndama ambao hawajazaliwa. Baadaye jeni ya protini ilipandikizwa ndani ya bakteria, na bakteria wakawa watumishi wa kuitengeneza. Insulini ya binadamu iliyopatikana kwa njia hiyo ilikubaliwa Marekani mwaka wa 1982. Vichocheo vya kukua vilifuata, na leo ndivyo vinavyolisha seli shina katika maabara, na hata chembe za nyama inayokuzwa bila kuchinja. Navyo ni ghali: mara nyingi gharama ya kichocheo huizidi gharama ya chakula chenyewe cha chembe.

Basi, deni la Usambara lihesabiwe vipi? Mkataba wa Rio wa mwaka 1992 ulikubali kuwa kila dola ina mamlaka juu ya viumbe vya nchi yake. Lakini kilichochukuliwa kabla ya mkataba hakirudishwi nao. Mali bila daftari hupotea bila habari. Ua liliondoka, nalo daftari halikuwapo. Na huku miche ya ua hilo ikijaa madirishani mwa nchi za baridi, jamaa zake wa mwituni wamebaki katika vipande vya msitu vinavyopungua. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, iliyotangazwa mwaka wa 1997, inalinda baadhi yao.

Hata hivyo, Amani haikuwa mahali pa kuchukuliwa tu. Katika miaka ya 1930, chini ya Waingereza, H. H. Storey na R. F. W. Nichols walianza hapo kuchanganya muhogo na jamaa zake wa mwituni ili upinge maradhi ya virusi, na kizazi cha mihogo hiyo kilifika hadi Afrika ya Magharibi. Leo, katika kituo cha utafiti cha Mikocheni, Dar es Salaam, wataalamu wa Tanzania hukuza ndani ya chupa miche ya muhogo isiyo na maradhi, kwa vichocheo vya ukoo ule ule wa Skoog. Kwa mkulima ambaye shamba lake limeoza mizizi kwa michirizi ya kahawia, mche huo ni tofauti ya kula na kulala njaa.

Hapo ndipo mambo mawili ya mwaka 1902 yanapokutana. Aliye na msitu bila elimu ya chembe hulinda ghala ambalo ufunguo wake uko kwa jirani. Na aliye na elimu bila msitu siku moja atakosa cha kukuza. Vijana wa Usambara wamerithi msitu. Ufunguo hautarithiwa, sharti usomwe.