Uru Maana Yake Dhahabu

Karata zina aina nne, na majina yake anayajua hata mtoto wa darasa la tatu: kopa, uru, shupaza na pau. Tumeyazoea kiasi kwamba hatuulizi yametoka wapi. Kopa ni lile umbo jekundu la moyo, lakini neno lenyewe halihusiani na moyo. Shupaza ni lile jeusi lenye ncha, na hakuna kitu kingine nyumbani wala shambani kinachoitwa shupaza. Majina yote manne ni ya Kireno. Copas ni vikombe. Espadas ni panga. Paus ni fimbo au marungu. Na ouros ni dhahabu.

Mimi natoka Mwakitolyo, kata ya wachimbaji wadogo katika Halmashauri ya Wilaya ya Shinyanga. Huko dhahabu ndiyo salamu ya asubuhi. Watu wanaulizana duara limefika wapi, mwamba umebadilika rangi au bado, zamu ya karasha ni ya nani. Jioni watu walewale huketi juu ya ndoo zilizopinduliwa wakachezea uru bila kujua kwamba bado wameshika dhahabu. Waingereza waliliita umbo hilohilo almasi. Mkoa wetu una vyote viwili: almasi ya Mwadui, iliyogunduliwa na John Williamson mwaka 1940, na dhahabu yetu. Kwenye karata, Kiswahili kilichagua dhahabu.

Nimeandika insha hii kwa sababu ya swali ambalo linaonekana dogo. Kwa nini mchezo wa karata unakubalika na watu ambao si wachezaji? Simsemei bingwa wala mcheza kamari. Namsemea mama anayesubiri maharage yaive, binti aliyerudi shule, babu asiyeona vizuri, na kijana mwenye nusu saa kabla ya zamu yake kushuka shimoni. Nadhani jibu limo ndani ya historia ya karata zenyewe.

Karata zilianzia China. Zikasafiri kuelekea magharibi, na katika jumba la makumbusho la Topkapi, Istanbul, lipo fungu la karata la Misri ya enzi za Wamamluki. Karata zake zina aina nne: vikombe, sarafu, panga na fimbo za kuchezea polo. Ulaya zilikuwa zimeshafika kufikia mwaka 1377, maana maandishi ya mwaka huo yanazitaja. Wahispania na Wareno hawakuwa na mazoea ya polo, basi fimbo zikawa marungu. Baadaye, katika karne ya 15, Wafaransa walibuni alama rahisi za rangi mbili, nyekundu na nyeusi, ambazo zilichapika haraka na kwa bei nafuu. Hizo ndizo tunazoziona leo dukani. Picha zilibadilika, majina yakabaki. Hata Mwingereza anaposema spade, neno lake limetokana na upanga wa watu wa kusini mwa Ulaya, ingawa mchimbaji wa Mwakitolyo aliyesoma Kiingereza cha shule atakwambia bila kusita kwamba hilo ni beleshi.

Vasco da Gama alifika Mombasa na Malindi mwaka 1498. Wareno wakajenga Ngome ya Yesu kuanzia mwaka 1593, wakafukuzwa na Waomani mwaka 1698, lakini Msumbiji walibaki hadi 1975. Katika muda huo wote walituachia maneno ya nyumbani: meza, bendera, leso, mvinyo, gereza. Na walituachia lugha nzima ya karata. Karata yenyewe ni carta. Turufu, ambayo leo wanasiasa wanaitaja kila uchaguzi unapokaribia, ni trunfo. Saba ya karata iliitwa seti, kutoka sete.

Kuna ushahidi mwingine ninaoupenda zaidi. Kamusi zetu zimehifadhi jina la ajabu la karata zenye picha za watu: mzungu. Mfalme ni mzungu wa nne, ghulamu ni mzungu wa tatu, malkia ni mzungu wa pili. Kwa nini mfalme awe wa nne badala ya kuwa wa kwanza? Jibu limo katika michezo ya Kireno kama bisca na sueca. Humo, karata yenye alama moja, ambayo sisi tuliiita ree, ina pointi 11. Saba ina 10. Mfalme ana 4, ghulamu 3, malkia 2. Zinazobaki hazina kitu. Jumlisha aina moja: pointi 30. Zidisha kwa nne: 120. Anayetaka kushinda lazima avuke nusu, yaani afikishe 61. Na Zanzibar upo mchezo unaoitwa wahedi wa sitini, maneno ya Kiarabu yenye maana ya moja na sitini. Hesabu ni ya Mreno, jina ni la Mwarabu, wachezaji ni Waswahili, na Mzungu amepewa bei yake kamili: nne, tatu au mbili.

Tazama pia kwamba katika hesabu hiyo saba inampiga mfalme. Namba ya kawaida, isiyo na taji wala ndevu, inazidiwa na ree peke yake. Ndiyo maana mchezo huu ulipata makazi kwa watu wa kawaida. Mtoto anayejifunza leo anafurahi kuliko mtu mzima anapogundua kwamba karata aliyoidharau ndiyo inayobeba pointi 10.

Linganisha na bao, ambalo kwetu Usukumani huitwa isolo. Bao ni mchezo mkubwa na sina nia ya kulishusha. Lakini katika bao kila kitu kiko wazi. Kete zote zinaonekana, hakuna bahati, hakuna siri. Anayejua zaidi atashinda leo, kesho na keshokutwa. Mtoto wa miaka tisa akikaa na babu yake atafungwa mpaka achoke. Ndiyo maana bao kwa muda mrefu limekuwa la wazee wa kiume chini ya mti, na wengine hukaa pembeni wakitazama. Karata zinafanya kinyume. Zinachangwa, zinakatwa, zinagawiwa, na kila mtu anaficha zake. Ujuzi bado upo, maana anayekumbuka turufu ngapi zimeshatoka atamshinda asiyekumbuka. Ila ujuzi huo hauwezi kushinda kila siku. Kati ya mizunguko kumi, mitatu au minne itakwenda kwa mdogo, na hiyo inatosha kumrudisha mezani kesho.

Karata za viwandani zilihitaji njia ya kufika bara, na reli ya kutoka Tabora kwenda Mwanza, iliyopita Shinyanga na kukamilika mwaka 1928, ilirahisisha safari ya bidhaa za dukani, makarani na mafundi kutoka pwani. Karata ni bidhaa nyepesi. Pakiti moja inaingia mfukoni, haihitaji umeme, na ikichakaa inaendelea kuchezeka. Kwetu tulikuwa na pakiti ambayo mbili ya pau ilipotea, tukaiziba kwa kipande cha boksi la sabuni. Kila mtu aliitambua kwa mgongo wake, lakini mchezo uliendelea, kwa kuwa mbili ya pau haina thamani ya kumfanya mtu agombane.

Machimboni kuna kusubiri kwingi. Unasubiri maji yavutwe shimoni. Unasubiri moshi wa baruti uishe. Unasubiri zamu yako ya kusaga mawe, kisha unasubiri matokeo. Kusubiri huko ndiko kulikozaa karata za aina mbili katika kijiji kimoja. Kuna za vibandani, zenye hela katikati, na kuna za nyumbani, zisizo na hela. Watu wengi wa nje huziona za kwanza tu. Viongozi wa dini huzikemea, na hawakosi sababu. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 inataka michezo ya kubahatisha iendeshwe kwa leseni, na duru ya hela chini ya turubai haina leseni yoyote.

Mama yetu hakuhitaji kusoma sheria. Mdogo wake, mjomba wetu, alirudi siku moja na mgawo wa viroba vyake ukiwa umeishia mikononi mwa watu wengine usiku mmoja. Mkewe alikuwa mjamzito. Nakumbuka mama hakumfokea. Alimpa ugali, akamwambia, "Kaka, hapa kwangu karata zipo, lakini hela haitawekwa." Tangu hapo tulihesabu pointi kwa punje za mahindi, na mwisho wa mchezo punje zote zilirudi kwenye debe. Mjomba alicheza nasi karibu kila jioni mwezi ule. Sidhani kama karata zilimponya. Zilimpa mahali pa kukaa ambapo angeweza kushindwa bila kupoteza chakula cha mtu.

Sasa niruke mbali kidogo. Mwaka 2008 Mmarekani Donald X. Vaccarino alitoa mchezo unaoitwa Dominion, na mwaka uliofuata ukapata tuzo ya Kijerumani ya Spiel des Jahres, inayotolewa kwa michezo inayofaa familia. Ndio ulioanzisha wimbi la michezo ya aina yake. Mwanafunzi mwenzangu mmoja alikuja nao bwenini, nami nikaujua humo. Ndani yake hugawiwi karata kutoka fungu moja la wote. Kila mchezaji ana fungu lake dogo la karata 10, na mafungu yote yanafanana: karata saba za shaba na tatu za ardhi. Kila zamu unashika tano. Kwa shaba unanunua karata bora, hata fedha na dhahabu, lakini ulichonunua huwezi kukitumia papo hapo. Kinakwenda kwenye rundo lililotumika, kinasubiri fungu liishe na kuchangwa upya, ndipo kirudi mkononi mwako.

Kiswahili kilikuwa na neno la jambo hili zamani. Kuchanga karata ni kuzichanganya, na kuchanga ni kukusanya kidogo kidogo kutoka huku na huku, kama tunavyochangia harusi au msiba. Katika michezo hii mtu anachanga kwa maana zote mbili kwa wakati mmoja.

Inawavuta wasio wachezaji kwa sababu zilezile zilizotuvuta sisi kwenye mkeka. Mwanzo ni sawa kwa wote. Hakuna anayetolewa mchezoni akabaki kutazama wenzake. Raundi inaisha kwa takriban nusu saa. Huna haja ya kukariri kitabu cha kanuni, maana kazi ya kila karata imeandikwa juu yake. Na kuna raha moja ambayo karata za kawaida hazina: unaona kitu chako kikikua. Hata aliyeshindwa anaondoka akisema fungu lake lilikuwa linaanza kukolea. Kuna pia somo lililofichwa. Zile karata za ardhi zinazohesabiwa pointi mwishoni hazikununulii kitu katikati ya mchezo. Anayezikimbilia mapema anajaza mkono wake mzigo. Mchimbaji aliyenunua kiwanja kabla ya kununua mashine ya kuvuta maji angelielewa hilo bila mwalimu.

Lakini boksi la namna hiyo ni ghali, na maandishi yake ni Kiingereza. Karata za kawaida hazina lugha. Bibi yangu, anayezungumza Kisukuma na Kiswahili kidogo, anajua uru na anajua kopa, na inatosha. Kama tunataka michezo hiyo mipya ifike kwetu, kazi haipo kwenye kuileta. Kazi ipo kwenye kuiandika upya kwa maneno ya watu, kwa karatasi rahisi, kama Wafaransa walivyofanya na alama zao.

Jambo la mwisho ni la nje ya mkeka. Mkoani kwetu kila mtu anajua habari ya Bulyanhulu, jinsi wachimbaji wadogo walivyoondolewa mwaka 1996 ili kupisha mgodi mkubwa. Waliochimba pale kwa miaka hawakurudishiwa nafasi ya kuanza sawa na wengine. Katika machimbo madogo pia, mwenye eneo ana fungu lake, mwenye duara ana lake, mwenye karasha ana lake, na aliyeshuka chini anapata kilichobaki. Mgawo wa leo unaamua mgawo wa kesho. Aliyenacho ananunua mashine, asiyenacho anauza nguvu zake, na hakuna anayekusanya mali ya kijiji jioni akaichanga upya.

Kwenye karata hufanyika hivyo kila baada ya dakika kumi. Mwenye pointi 80 anarudisha karata zake pamoja na mwenye 40, zinachanganywa, na mdogo wa mwisho ndiye anayeambiwa akate. Nadhani hiyo ndiyo sababu kubwa ya watu wasiojali ushindi kuupenda mchezo huu. Mjomba bado yuko machimboni, na sasa ana watoto wawili. Mkubwa ameshajua kwamba seti inampiga mfalme, na anahesabu kwa punje.