Simba wa Serengeti na Zizi la Mfugaji



Injili ya Yohane, sura ya 10, yatupa sura ya Mchungaji Mwema asiyekimbia anapomwona mbwamwitu akija. Kwetu Usukumani maneno hayo hayahitaji mfafanuzi. Mfugaji wa Meatu, Itilima au Bariadi, ambaye zizi lake liko karibu na Pori la Akiba la Maswa, anajua maana ya kuamshwa usiku na kishindo cha ng'ombe walionusa simba. Mtu huyo anapoambiwa awalinde wanyama wakali, ana haki ya kuuliza: na mimi je, nani ananilinda? Tulitafakari swali hilo kwa msaada wa historia, kwa maana historia imeonyesha mara mbili kwamba uhai wa wanyama wa Serengeti hutegemea pia yanayotendeka nyumbani kwa mfugaji.

Mara ya kwanza ilihusu sotoka. Ugonjwa huo uliingia Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890, ukateketeza sehemu kubwa ya ng'ombe, ukawaua pia nyati na nyumbu. Kwa miaka mingi baadaye ndama wa nyumbu waliendelea kufa, na wengi waliamini kuwa wanyamapori ndio hifadhi ya ugonjwa na ndio wanaowaambukiza ng'ombe. Ukweli ulidhihirika ng'ombe walipochanjwa kwa wingi kuizunguka Serengeti: sotoka ikatoweka miongoni mwa nyumbu, ingawa hakuna nyumbu aliyechanjwa. Mwaka 1961 nyumbu walikuwa chini ya 300,000. Kufikia mwisho wa miaka ya 1970 walizidi milioni 1. Walipoongezeka wao, simba na fisi nao walipata chakula, wakaongezeka. Mwaka 2011 ulimwengu ulitangaziwa kuwa sotoka imetokomezwa kabisa.

Mara ya pili ilihusu mbwa. Mapema mwaka 1994 simba wa Serengeti walianza kuonekana wakitetemeka, wakianguka kwa kifafa na kufa. Chanzo kilikuwa virusi vya distempa, ugonjwa wa mbwa. Ukame wa mwaka 1993 ulikuwa umewadhoofisha nyati, wakajaa kupe. Simba waliowala wakaingiwa na vimelea vya damu vinavyoenezwa na kupe hao, na distempa ikawakuta wamekwisha kudhoofika. Yapata theluthi moja ya simba wa Serengeti walikufa, yaani kama 1,000. Wataalamu waliwatazama mbwa wa vijijini kuwa asili ya virusi hivyo, na fisi, ambaye hufika kijijini na pia kwenye mzoga porini, kuwa mmoja wa wachukuzi wake.

Ingekuwa rahisi wakati ule kuamuru mbwa wote wapigwe risasi. Lakini mbwa ni mlinzi wa zizi. Kumwondoa ni kumwachia mfugaji hasara nyingine. Ikachaguliwa njia ya chanjo. Kuanzia Oktoba 1996 mbwa wa vijiji vya Wilaya ya Serengeti walichanjwa, na baadaye kazi ikaenea katika wilaya nyingine zinazopakana na hifadhi, upande wa Wasukuma na upande wa Wamasai. Pamoja na distempa, mbwa walikingwa dhidi ya kichaa cha mbwa. Katika Wilaya ya Serengeti kichaa cha mbwa kilipungua kwa asilimia 70 baada ya awamu ya kwanza, na kwa asilimia 97 baada ya awamu ya pili. Watu walioumwa na mbwa waliodhaniwa kuwa na kichaa nao wakapungua. Ugonjwa huo, dalili zake zikishaonekana, karibu hauna tiba, na watoto ndio wanaoumwa zaidi. Kazi iliyoanzishwa kwa kuwahurumia simba iliokoa watoto wa watu.

Tusiseme zaidi ya ukweli. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kuwa distempa imeendelea kuwafikia simba hata baada ya chanjo, kwa kuwa virusi hivyo huishi pia katika wanyama wengine. Wala chanjo haimrudishii mfugaji ng'ombe aliyeliwa, wala haimalizi mivutano ya malisho na mipaka. Hata hivyo imetufundisha kwamba ulinzi wa wanyama unadumu pale mwenye zizi naye anapopata uhai.

Mapokeo yanasimulia kuwa Mtakatifu Fransisko alipokwenda Gubbio hakumkemea mbwamwitu peke yake. Aliwapatanisha: mnyama asimdhuru mtu, na watu wamlishe mnyama. Kila upande ulikuwa na wajibu. Kwetu Simiyu wajibu wa mfugaji ni kumpeleka mbwa wake siku ya chanjo, kuimarisha zizi, na kutotia sumu kwenye mzoga, kwa maana sumu haichagui kati ya fisi, tai na mbwa wa jirani. Wajibu wa wanaofaidika na simba, na hao ni wengi na wanakaa mbali, ni kumwendea mfugaji kabla ya msiba na si baada yake, na kumsikiliza kama mwenye nyumba.

Mungu awabariki wafugaji wetu na mifugo yao.