Upatu ulionunua nyumba Uingereza

Sisi huku Uingereza tupo, baridi tu.

Mmeniuliza kwa nini bado nacheza upatu na benki zimejaa huku. Leo niwape historia kidogo.

Meli ya Empire Windrush ilifika Tilbury Juni 1948, imebeba watu wa Jamaika na visiwa vingine vya Karibi. Julai 5 mwaka huohuo ikaanza NHS, huduma ya afya ya taifa, na wanawake wengi wa Karibi wakaja kuwa wauguzi. Mshahara ulikuwa mdogo. Benki nyingi ziliwanyima mikopo, na wenye nyumba waliwakataa wapangaji weusi waziwazi hadi sheria ya 1968 ilipokataza.

Basi wakatumia mchezo wa kwao, Wajamaika wanauita "pardner". Kila wiki kila mtu anatoa kiasi kilekile, mtu anayeaminika anashika fedha, na kwa zamu mmoja anachukua zote. Si upatu wetu huo jamani? Riba hakuna, dhamana ni jina lako. Anayepokea mwanzo amekopeshwa, anayepokea mwisho ameweka akiba. Wengi walipata hivyo malipo ya kwanza ya nyumba zao.

Kwa hiyo nikisema "subirini zamu yangu", msidhani ni uchoyo. Nikituma kidogo kidogo zinaishia sokoni. Zikija kwa mkupuo mama anapata mabati. Zamu yangu ni ya nne.

Nisalimieni wote.