Gharama za Malezi ya Kambo Kikorongo na Bwera

Malezi ya kambo, yaani kumtunza mtoto wa mwingine pasipo kumwasili kisheria, yalikuwepo kwenye miteremko ya milima ya Rwenzori, magharibi mwa Uganda, muda mrefu kabla ya serikali kuyatungia kanuni. Miongoni mwa Wakonzo mtoto aliyefiwa na wazazi alikuwa wa ukoo, akachukuliwa na baba mdogo, shangazi au bibi, na gharama zake zikabebwa na ardhi, kwa kuwa alikula muhogo na maharage ya shamba lile lile, na alipopata nguvu alichunga mbuzi na kuamia mazao.

Ardhi hiyo ilipungua. Mwaka 1952 sehemu kubwa ya tambarare ilitengwa kuwa hifadhi ya wanyama, ambayo mwaka 1954 ilipewa jina la Queen Elizabeth, na Kikorongo, penye njia panda ya kwenda Bwera na Mpondwe, pakabaki pembezoni mwake, ambapo tembo mmoja akiingia shambani usiku huweza kumaliza chakula cha msimu mzima. Mwaka 1956 reli ilifika Kasese kwa ajili ya shaba ya Kilembe, vijana wakazoea mshahara. Uchimbaji uliposimama mwanzoni mwa miaka ya 1980, mshahara ulikatika lakini mahitaji ya fedha taslimu hayakukatika.

Mzigo ukaongezeka wakati huo huo mfuko ulipopungua. UKIMWI uliua wazazi wakiwa vijana; mwaka 1986 kiliundwa chama cha UWESO, cha wanawake wa Uganda cha kuwaokoa yatima, na Novemba 1996 waasi wa ADF waliivamia Mpondwe, kukafuata miaka ya vita iliyozifukuza familia nyingi kutoka milimani. Aliyebaki na watoto mara nyingi alikuwa bibi.

Sheria ya Watoto, iliyoanza kutumika mwaka 1997, ilimbebesha kila anayekaa na mtoto, awe mzazi au asiwe, wajibu wa kumpatia elimu, chanjo, lishe ya kutosha, mavazi, makazi na matibabu, na ikaweka kanuni za malezi ya kambo chini ya usimamizi wa maofisa wa ustawi wa jamii; lakini mlezi hakuanzishiwa malipo yoyote ya kila mwezi. Mwaka huo huo ulianza mpango wa elimu ya msingi bila ada, kwanza kwa watoto wanne wa kila familia. Serikali ilitoa shilingi 5,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa darasa la kwanza hadi la tatu na 8,100 kwa wa madarasa ya juu, fedha zilizokwenda shuleni, huku sare, madaftari na chakula cha mchana vikibaki kwa mlezi.

Kenya ilichukua njia nyingine. Kuanzia 2004 ilizipa kaya zinazolea yatima ruzuku ya fedha, iliyoanza na shilingi 500 za Kenya kwa mwezi na baadaye kufikia 2,000. Hazikutosha, lakini zilikubali kwamba malezi ni kazi yenye gharama. Uganda ilianzisha malipo ya wazee mwaka 2010, ambayo baadaye yalifikia shilingi 25,000 za Uganda kwa mwezi, na yalipoenezwa nchi nzima yakalenga waliofikisha miaka 80. Kwa hiyo bibi wa Bwera mwenye miaka 65 anayelea wajukuu watano halipwi chochote kwa malezi hayo, na akifikisha 80 atalipwa kwa uzee wake tu. Hilo ni deni ambalo serikali inapaswa kulilipa.