Wahariri wa Kanisa na Barabara ya Busia

Kwa mtu wa Rubongi, penye kambi ya jeshi nje kidogo ya mji wa Tororo, Kenya ni ng'ambo tu. Malaba iko jirani, na Busia nayo haiko mbali. Lakini historia ya magazeti yetu huandikwa nusu nusu, ya Uganda ikikomea mpakani na ya Kenya vivyo hivyo. Ukizisoma pamoja utaona kwamba wanasiasa walipofyata mkia, mara nyingi aliyebaki na kalamu mkononi alikuwa mtu wa kanisa.

Padre Clement Kiggundu alikuwa mhariri wa Munno, gazeti la Kikatoliki la lugha ya Kiganda lililoanzishwa mwaka 1911. Januari 1973, katika utawala wa Idi Amin, maiti yake ilikutwa ndani ya gari lake lililoteketezwa karibu na Kampala. Uchunguzi wa daktari ulionyesha kuwa alinyongwa na kupigwa risasi. Waliomuua walitaka watu waamini kwamba ni ajali, na naamini kila mhariri aliyebaki Uganda aliupata ujumbe huo.

Henry Okullu, mzaliwa wa Asembo nchini Kenya, alikuwa ameionja kazi hiyohiyo Kampala, akihariri New Day, gazeti la Kanisa la Uganda. Baadaye alihamia Nairobi kuongoza Target na ndugu yake wa Kiswahili, Lengo. Hata alipokuwa askofu wa Maseno Kusini hakuacha kusema kama mhariri: kwa kumtaja mkosaji na kosa lake.

Mwaka 1988 Kenya ilipiga kura za mlolongo, wapiga kura wakijipanga nyuma ya wagombea au picha zao. Baadhi ya waliokuwa na mistari mifupi walitangazwa washindi mchana kweupe. Beyond, jarida la Baraza la Kitaifa la Makanisa, lilichapisha habari za wizi huo na likapigwa marufuku. Mhariri wake, Bedan Mbugua, alifungwa. Shtaka lenyewe? Eti hakuwasilisha taarifa za mauzo ya jarida. Serikali haikuthubutu kumshtaki kwa uongo, maana watu wengi walikuwa wamesimama kwenye mistari ile.

Agosti 1990 zamu ikaja Busia. Waziri wa Kazi, Peter Okondo, aliwaonya hadharani Okullu na Alexander Muge, askofu wa Eldoret, wasikanyage wilaya hiyo. Wakija, wataona moto na huenda wasitoke hai. Magazeti yaliyachapa maneno hayo. Muge alikwenda tarehe 14, akapokewa na umati, na akiwa njiani kurudi Eldoret gari lake likagongana na lori. Alikufa papo hapo.

Hapa ndipo ninapouona uzito wa gazeti. Wauaji wa Kiggundu waliua kimyakimya. Tishio la Okondo lilikuwa tayari limesomwa nchi nzima, naye hakuwa na pa kulificha. Siku chache baadaye akajiuzulu. Dereva wa lori alihukumiwa miaka 7 na kufia gerezani. Zaidi ya miaka 20 baadaye, mbele ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, aliyekuwa ofisa wa usalama alidai kwamba kifo cha Muge kilipangwa. Hakuna aliyeshtakiwa kwa kukipanga.