Nani Huulizwa Kwanza

Kwa muda mrefu katika Afrika Mashariki, mgonjwa wa akili alikuwa mtu wa mwisho kuulizwa habari zake. Aliulizwa baba, akaulizwa mume, akaulizwa chifu, akaulizwa hata askari aliyemfunga kamba. Yeye alitazamwa tu. Kutoka wodi za kikoloni mpaka chumba cha afya ya akili anamopokewa leo mkazi wa Nengo, mjini Gisenyi, Rwanda, swali limemkaribia mgonjwa polepole sana. Na kila lilipomkaribia, madaktari walilazimika kufuta walichodhani wanakijua.

Kabla ya hospitali, Rwanda ilikuwa na wahoji wake. Familia iliyompeleka mtu kwa mpfumu, yaani mganga wa jadi, iliulizwa ni marehemu gani amesahauliwa katika matambiko, na ni jirani gani wamekosana naye. Wengine waliingizwa katika kubandwa, ibada ya Ryangombe, wakapata jamaa wapya wa kuwashika mkono. Siidharau kazi hiyo, kwa sababu mpfumu alijua kwamba haugui mtu peke yake, ukoo mzima unaugua. Ila jibu lake lilitoka kwa wahenga, na mgonjwa hakuwa na sauti kubwa ndani yake.

Mkoloni alileta fomu na kufuli. Nairobi ilipata hospitali yake ya wendawazimu mwaka 1910, ile ambayo baadaye iliitwa Mathari. Huko ndiko alikofanya kazi daktari J. C. Carothers kuanzia 1938 hadi 1950. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika, na humo alimlinganisha Mwafrika na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Alishikilia pia kwamba sonona ni nadra kwa Waafrika, kwa kuwa wodini mwake aliiona mara chache.

Lakini fikiria ni nani waliofika wodini humo. Walifikishwa kwa njia ya polisi na mahakama, wengi wakiwa wamepiga watu, wamechoma nyumba, au wamezurura uchi sokoni. Mama aliyekaa kimya jikoni miezi sita, hapiki, haogi, hakumsumbua chifu, basi hakuna aliyempeleka Mathari. Daktari alihesabu kelele, na huzuni haipigi kelele.

Kosa hilo lilifichuliwa kwa kazi ya miguu. Daktari wa akili John Orley alifanya utafiti wake Uganda, kisha akashirikiana na John Wing wa London. Badala ya kungoja wagonjwa hospitalini, waliwafuata watu katika vijiji viwili, wakawahoji kwa Kiganda kwa kutumia maswali yale yale yaliyotumika Camberwell, London: unalalaje, unajilaumu kwa nini, asubuhi unaamkaje. Matokeo yalichapishwa mwaka 1979. Sonona ilikuwa imejaa vijijini humo, tena kwa wanawake wa Uganda ilizidi ile ya wanawake wa Camberwell. Waafrika hawakuwa wamebadilika. Kilichobadilika ni kwamba waliulizwa.

Rwanda iliingia katika hadithi hii kwa kuchelewa. Hospitali ya Ndera, karibu na Kigali, iliyojengwa na Mabruda wa Upendo, ilipokea wagonjwa wake wa kwanza mwaka 1972, na kwa miaka mingi ndiyo iliyotegemewa na nchi nzima. Aprili 1994 iligeuzwa uwanja wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, wakiwemo waliokimbilia humo kutafuta hifadhi. Baada ya hapo nchi ilibaki na majeraha yasiyopimika na karibu haina daktari wa akili. Naasson Munyandamutsa, aliyekuwa amesomea Uswisi na ambaye jamaa zake waliuawa, alirudi nyumbani kuanza kazi ya tiba ya akili, akaifanya hadi alipofariki mwaka 2016. Wauguzi wa afya ya akili walianza kufundishwa, na huduma ikashushwa hadi hospitali za wilaya, Gisenyi ikiwemo.

Mwaka 1999 mtafiti Paul Bolton na wenzake walikwenda eneo la Kanzenze, wakawauliza wanakijiji kwanza, kwa Kinyarwanda, mauaji yamewaachia shida gani. Walitajiwa guhahamuka, yaani kiwewe, na agahinda gakabije, yaani huzuni iliyozidi, na ndipo wakalinganisha majibu hayo na orodha za kitabibu. Uchunguzi wa taifa wa 2018 ulikuta sonona kali kwa asilimia 12 ya watu kwa jumla, na kwa asilimia 35 ya manusura wa mauaji ya kimbari.

Sasa turudi Nengo. Mtu wa miaka hamsini katika mji huu amebeba zaidi ya 1994. Julai mwaka huo mamia ya maelfu walipita Gisenyi kukimbilia Goma, ng'ambo ya mpaka na Kongo. Novemba 1996 mamia ya maelfu walirudi kwa barabara ile ile katika siku chache. Ikafuata vita ya abacengezi, waasi waliopenya kutoka nje, ya 1997 na 1998. Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ilimwaga lava Goma, watu wakavuka mpaka kuja Gisenyi. Mei 2021 volkano ililipuka tena, matetemeko yakapasua nyumba za wilaya hii ya Rubavu. Mei 2023 mto Sebeya ulifurika. Januari 2025 makombora ya vita vya Goma yaliangukia upande huu na kuua watu. Mhoji asiyeijua miaka hiyo hataelewa mgonjwa akisema, “Nilianza kuugua tuliporudi.” Lakini mhoji anayeijua sana naye ana hatari yake: anaweza kudhani kila ugonjwa umetokana na vita, kumbe mgonjwa aliye mbele yake anapigwa nyumbani, au ana kifafa.

Chukua mfano wa mama aliyeletwa na kaka yake mkubwa. Kaka ndiye anayesema: dada yangu halali, hali, anaongea peke yake. Muuguzi amsikilize hadi mwisho, maana ana habari ambazo mgonjwa hatazitoa. Halafu amshukuru, amwombe asubiri nje. Hatua hii ni ngumu kwetu, kwa sababu mkubwa ndiye msemaji, na muuguzi kijana huona haya kumtoa. Bila hatua hiyo, tuko bado Mathari.

“Mama, kaka yako amenieleza yake. Wewe unaona shida ni nini?” Ikija kimya, kiachwe kikae. Usingizi ni mlango mzuri, maana hauna aibu: unalala saa ngapi, nini kinakuamsha, ukiamka unawaza nini. Kutoka hapo ndoto zinakuja, kisha sauti ambazo wengine hawazisikii, kisha pombe, kisha homa na kuumia kichwa, kwa kuwa mtu aliyechanganyikiwa ghafla anaweza kuwa na malaria ya ubongo. Na swali la kifo liulizwe wazi: “Kuna wakati umeona afadhali ufe? Umepanga utafanyaje?” Wengi huliogopa wakidhani litampa wazo. Halimpi. Aliyenalo hupata nafasi ya kulitua.

Kwa mwanamume subira inahitajika zaidi. Wanyarwanda husema amarira y'umugabo atemba ajya mu nda, machozi ya mwanamume hutiririkia tumboni, na ndiyo maana wengi huanza na kichwa kuuma. Muuguzi apokee hicho kichwa, akipime, aulize tangu lini. Mgonjwa akianza kwa Kinyarwanda kisha akahamia Kiswahili, kama ilivyo kawaida ya watu wa mpakani, afuatwe huko huko.

Maswali haya yote hayaingii katika dakika kumi, na foleni ya asubuhi haitoi zaidi ya hapo kwa urahisi. Ningekuwa na sauti katika bajeti ya wilaya, ningeomba muuguzi wa pili kabla ya dawa mpya, ili mgonjwa wa mara ya kwanza apewe saa nzima. Saa hiyo isipopatikana, muuguzi aulize siku ya kwanza yale ya hatari, yaani kujiua, kudhuru mtu, homa na pombe, aandike kwa maneno ya mgonjwa mwenyewe, na amrudishe ndani ya wiki moja ili ayamalize yaliyobaki.